Sifa Tulizompa Akoth

Mitihani ya kidato cha nne imekaribia, kwa hivyo mimi na wenzangu tumetoka rasmi kwenye kikundi cha washauri wa rika. Mwalimu mlezi alinitania kwamba sasa mimi ni mstaafu. Mstaafu gani huyu ambaye bado anapewa nauli na mamake? Lakini ametuomba tuwaachie nyinyi mnaobaki yale tuliyoyaona kazini. Kevo, niliyeingia naye kikundini siku ileile, amesema atarekodi sauti yake na kuwatumia. Mimi kuongea hunishinda. Tangu darasa la sita huwa naandika shajara kwa sababu mambo hunijia mdomoni yakiwa yamechelewa. Basi nitaandika.

Sitasimulia habari za kuwa katibu wala za vyeti. Changu mama alikitundika ukutani pale kwetu Kayole, kando ya picha ya harusi ya shangazi, na kila mgeni huonyeshwa vyote viwili. Imetosha. Nataka kuwaeleza zaidi habari za Akoth, ambaye nyinyi nyote mnamjua. Amesoma karatasi hizi kabla yenu. Aliniambia nisilifiche jina lake, na kuna jambo moja aliloniomba nilitoe. Nimelitoa.

Nilichaguliwa nikiwa kidato cha pili. Mwalimu alisema mbele ya darasa, "Njoki ni msikilizaji mzuri," na watu wakageuka kunitazama, nami nikainamia kitabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa kimya kwa kuogopa watu. Sikuwa nasikiliza chochote. Nilikuwa napanga majibu ya maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

Chumba chetu mnakijua. Wakati huo kilikuwa ndiyo kwanza kimeacha kuwa stoo ya mapishi, na kilinuka gesi na unga wa zamani. Tulikuwa na benchi mbili, moja ikiwa na mguu uliotegemezwa kwa jiwe, na pazia lililoshonwa kutoka bango la sherehe ya shule, kiasi kwamba ukikaa upande wa ndani unasoma neno KARIBUNI kinyumenyume. Siku yangu ya kwanza aliingia kijana wa kidato cha kwanza, akachungulia huku na huku, akaniita madam.

"Madam, hapa mnachaji simu?"

Nikamwambia hapana, na simu haziruhusiwi. Akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi bila simu, akakaa, akaniambia babake ameacha kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo sijawahi kuchukua kwa uzito sababu ya kwanza ambayo mtu ameingia nayo.

Aliyetufundisha kazi ni Madam Khasoa. Si mwalimu wa shule. Ni mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, kwanza alikuwa nesi, na hutujia Jumatano alasiri bila malipo. Huvaa magauni mazuri ya kanisani na chini yake akala za Kariokor, zile za matairi, na ungemsikia akija tangu kule karibu na ofisi ya naibu mkuu. Ufunguo wa chumba ameufungia kipande cha ukanda wa akala, na katibu wa kikundi ndiye huuvaa shingoni. Siku ya kwanza alituambia, "Nyinyi si madaktari. Mkijiona madaktari, nitawafukuza mmoja mmoja." Kisha akasogeza benchi.

Zilikuwa zimepangwa zikitazamana kama za kituo cha polisi. Akazikalisha kama kona ya meza, ili mtu akitaka akuangalie, na akichoka aangalie pazia. Mlango usifungwe kabisa. Maji yawepo kila mara, kwa sababu mtu aliyeshika kikombe ana mahali pa kuweka mikono. Na tishu, ambayo kwetu ni ile ya chooni, iwe mahali anapoweza kuifikia mwenyewe. "Ukimpa haraka," alisema, "umemwambia nyamaza."

Halafu akatupiga marufuku kusema neno jiamini. Kevo alishtuka kweli.

"Sasa Madam, mtu hajiamini, nisimwambie ajiamini?"

"Mtu ambaye hajala humwambia ashibe?"

Kevo akacheka, sote tukacheka. Lakini hatukuwa tumeelewa. Ndiyo maana yale ya Akoth yalitokea.

Kikundi chetu kilikuwa na desturi tuliyoirithi kutoka kwa waliotutangulia. Ilifanyika Alhamisi, siku ambayo Madam hayuko. Iliitwa Duara la Sifa. Mwanafunzi aliyeonekana amekata tamaa, au anayejidharau, tulimleta akasimama katikati. Sisi tulimzunguka, na kila mmoja alimwambia kitu kimoja kizuri, halafu sote tukampigia makofi ya kilo, yale ya mpangilio ambayo tumeyapiga tangu shule ya msingi. Tuliipenda sana shughuli hiyo. Watu walilia, na sisi tulidhani kulia ni kupona.

Akoth alikuwa kidato cha pili, sisi tukiwa cha tatu. Aliletwa na mwalimu wake wa darasa. Alikaa dirishani kila siku hata jua likimchoma, hakunyoosha mkono hata alipojua jibu, na wenzake wakitoka yeye alibaki mpaka korido iwe tupu. Alama zake zilikuwa nzuri, kisha zikaanza kushuka. Jambo jingine tulilojua ni kwamba alijipulizia marashi mengi, ya bei rahisi, ungejua amepita hata kama hukumwona.

Alhamisi hiyo alisimama katikati, mikono imebanwa ubavuni. Tukaanza. Una macho mazuri. Mwandiko wako ni safi. Unajua hesabu. Una heshima. Ilipofika zamu yangu nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Simjui, nilikuwa nawaza, niseme nini? Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Mimi napita," na nikatamani sakafu inimeze.

Wa mwisho alikuwa Kevo. Masikini, kila kitu kilikuwa kimeshasemwa. Alikuna kichwa, akatabasamu kwa ule ukarimu wake wote, akasema, "Na unanukia poa, manze. Kila siku."

Tukapiga makofi. Akoth alisimama mpaka yakaisha. Akasema asanteni. Akatoka, na mara hii hakungoja korido iwe tupu.

Ijumaa hakuja shuleni. Jumatatu hakuja. Tulidhani ni karo, kwa sababu hapa kwetu mtu asipoonekana hudhaniwa ni karo. Jumatano, Madam akiwa ametuketisha, mlango ulibishwa. Aliingia mama mmoja amevaa suti ya samawati ya kanisani na kitambaa kichwani, viatu vimepakwa rangi vikang'aa. Ni mamake Akoth. Anaishi Dandora, karibu kabisa na jaa, na kazi yake ni kuchagua plastiki na kuziuza. Hilo tulilijua yeye alipotuambia. Akoth hakuwa amelisema kwa mtu yeyote shuleni.

Hakukaa. Alisema, "Nasikia hapa ndio mtoto wangu aliambiwa ananukia."

Kevo akasimama. "Mama, mimi nilimsifu. Nilisema ananukia poa. Walai, mama, sikuwa na ubaya."

"Mwanangu, najua hukuwa na ubaya. Kama ungekuwa na ubaya angekuja nyumbani akanung'unika, ningemwambia achana na huyo. Lakini amekuja akaniambia, mama, hata wale wazuri huninusa." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Nguo zake mimi hufua kila jioni. Moshi ukipigwa na upepo unakuja unakaa pale kwa kamba. Na mimi pia huoga, madam. Kila siku nikitoka kule huoga."

Madam alimwambia, "Najua, mama."

"Anasema harudi. Anasema nimfundishe kuchagua plastiki. Kazi si mbaya, imemlea. Lakini sitaki kumfundisha. Nikimfundisha leo, nimemaliza."

Nakumbuka niliangalia lile neno la pazia kinyumenyume na nikashindwa kulisoma. Kevo alitaka tuandamane kikundi kizima mpaka Dandora tukaombe msamaha. Madam akamwambia, "Mwende mkamzunguke tena?" na Kevo akakaa chini.

Mamake alipofika mlangoni aligeuka. Alisema Akoth amekubali kuongea na Madam mara moja, ila anataka awepo yule msichana aliyesema anapita.

Sikuelewa. Nilidhani anataka kunisuta. Alipokuja Jumatano iliyofuata, bila sare, amejifunga leso mabegani, Madam alimuuliza mbele yangu kwa nini mimi. Akoth alijibu bila kuniangalia, "Yeye ndiye hakunidanganya."

Mimi niliyeshindwa kusema neno. Hilo nimeliwaza sana. Baadaye nilimwambia Madam kwamba sikustahili, kwamba uoga tu ndio ulinifunga mdomo. Alisema Akoth hakuhitaji kujua hivyo, ila nisije nikaanza kujivunia uoga.

Siku hiyo, kabla ya kuendelea, Madam alinipeleka nje na kuniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Njoki, tuseme ukweli. Huyu mtoto hunuka?"

Nikababaika. Mwishowe nikasema, "Siku nyingine kuna moshi. Kidogo. Lakini zaidi ni yale marashi."

"Vizuri. Basi hatutamwambia kwamba hakuna kitu, kwa sababu ana pua kama sisi. Moshi ni wa nguo, mamake na mimi tutatafuta mahali pengine pa kuanika. Kazi yetu si moshi. Anaamini kwamba yeye mwenyewe ni sehemu ya lile jaa, na kila anayemkaribia atagundua. Mtu anayeamini hivyo ukimsifu, anaona mawili tu. Ama hujamjua bado, ama umeshamjua na unamhurumia. Yote mawili yanauma."

Hilo ndilo somo kubwa nililopata katika chumba kile, na nawaandikia kama alivyolisema.

Madam hakubishana na Akoth hata siku moja. Alimuuliza, "Ukinyoosha mkono darasani, unaona kitatokea nini?"

"Watasonga."

"Nani?"

"Wote. Watasonga mbali na mimi."

"Na darasa lenu lina nafasi ya kusonga?"

Akoth alifikiri. Wanakaa watatu kwenye dawati la wawili. Kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. "Pengine watageuza shingo," akasema.

Kisha Madam akamwuliza mambo yote anayofanya ili asigundulike, na yakaanza kutoka moja baada ya lingine. Marashi. Dirisha. Mikono kubanwa. Kutafuna peremende. Kutoka wa mwisho. Kutomkaribia mtu akimweleza hesabu. Na kuangalia chini. Madam alikaa sana na hilo la mwisho. Alimuuliza nyuso za watu huwaje anapopita, na Akoth akasema hajui, huwa hazitazami. Wote wale aliodhani wanakunja pua, hakuwa amewahi kuwaona. Ushahidi wake wote ulikuwa wa sakafu.

Basi walipatana wajaribu. Madam aliuita utabiri: unasema kwanza unachoogopa kitatokea, unaacha kinga moja, unainua macho, halafu unaleta habari. Si lazima habari ziwe nzuri. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwa karibu na kutosema "umeona?" Hiyo ilikuwa ngumu kuliko mnavyofikiri.

Jaribio la kwanza lilikuwa laini ya githeri. Akoth alikuwa na desturi ya kuja wakati masufuria yamebaki makombo. Siku hiyo alisimama katikati ya laini bila marashi, mimi nyuma yake. Hakuna aliyesonga. Nilifurahi kiasi cha kutaka kuruka. Jumatano Akoth akamwambia Madam kwa uso mkavu, "Hiyo haihesabiki. Laini ya githeri hata ungekuwa maiti, mtu hawezi kukuachia nafasi."

Madam alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alikubaliana naye. Akamwambia achague mwenyewe palipo pagumu. Akachagua dawati la katikati, somo la Kiswahili, na mkono juu.

Kati ya hapo zilipita wiki za kusuasua. Siku moja alihama kutoka dirishani na kurudi kabla ya kengele. Siku nyingine alikuja na marashi mara mbili ya kawaida, akaniambia, "Leo usiniongeleshe, Njoki," nami nikatembea naye mpaka lango bila neno. Kwa kutoongea nina kipaji. Mara moja alinyoosha mkono, mwalimu akamchagua, akajibu, na msichana aliyekuwa mbele akageuka. Akoth alijilazimisha kumtazama. Yule msichana alikuwa anataka kukopa rula.

Kisha jaa likawaka. Mnaoishi upande huo mnajua linavyokuwa. Moshi ulitambaa mpaka kwetu Kayole, nguo zilizoanikwa zikarudishwa kwenye maji. Asubuhi yake nilijua Akoth hatakuja, na kwamba kama hatakuja leo, hatakuja tena. Nilisimama langoni mpaka mwalimu wa zamu akanifukuza. Hakuwa ameonekana.

Nilikuwa darasani kwangu, kwa hivyo mengine nayaandika kama alivyoyasema Jumatano, akiwa ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili.

"Nilichelewa. Sweta yote ilikuwa moshi. Hakuna nyingine. Nikaingia, nikakaa katikati. Sikuwa na marashi, nilimpa mama ayatupe."

"Halafu?" Madam akamuuliza.

"Kuna kijana anakaa nyuma. Akasema kwa nguvu, wasee, nani amekuja na jaa? Watu wakacheka. Wote. Niliinua macho nikawaona wakicheka."

Lile alilolitabiri tangu siku ya kwanza lilikuwa limekuja, na hakuna jaribio letu lililolizuia. Niliwaza, tumemwua huyu mtoto. Madam hakusogea.

"Kwa hivyo lilitokea."

"Lilitokea."

"Ukafanya nini?"

Akoth alikunywa maji kwanza. "Nikamwambia, ni mimi. Linawaka tangu juzi, na mimi naishi hapo. Nikamwambia kama inamsumbua afungue dirisha, kwa sababu siku hizi mimi sikai huko." Akazungusha kikombe. "Msichana mmoja akasema hata kwao imefika, nyanyake anakohoa. Mwalimu akaingia."

"Na wewe?"

"Nikakaa."

"Ulikaa ukijisikia vipi?"

"Vibaya. Vibaya sana, Madam. Lakini nikakaa mpaka kengele. Halafu nikatoka na wengine."

Madam hakumsifu. Alimsogezea tishu mahali anapoweza kuifikia, na Akoth hakuichukua. Mimi ndiye niliyeichukua.

Sitaki mfikiri kwamba aliamka siku iliyofuata akiwa mtu mwingine. Bado kuna asubuhi anazonusa kola ya sweta kabla ya kuingia darasani, nimemwona. Yule kijana alirudia mzaha wake, ukachakaa, akatafuta mwingine. Mamake alipata mahali pa kuanika kwa dada mmoja wa kanisani, upande ambao upepo haupeleki moshi. Na kwa wale mnaokuja bila kujua kwa nini hatuna tena Duara la Sifa, sasa mnajua. Hatukuliacha kwa sababu sifa ni mbaya. Tuliliacha kwa sababu tulikuwa tunazitoa kwa watu tusiowauliza chochote. Kevo ndiye aliyependekeza liachwe.

Mambo madogo ya kazi nitayaandika hapa yasipotee. Jiwe la benchi likipotea msitumie kitabu, huteleza. Mtu akicheka sana anapoeleza jambo la kuumiza, msicheke naye mpaka mwisho. Anayejigamba kila dakika naye mpeni maji, mara nyingi ni ugonjwa uleule umevaa viatu vingine. Na mkikutana na jambo lenye hatari, mtu anayetaka kujidhuru au anayeumizwa nyumbani, mwambieni Madam au mwalimu siku hiyohiyo. Hiyo si siri ya kutunzwa.

Siku yetu ya kuaga, wanachama wadogo walileta soda na mandazi, na wakashikilia kwamba ni lazima wafanye duara, mara hii tu, kwa wastaafu. Madam aliinua mabega. Nikasimama katikati, mikono nikaibana ubavuni, na hapo nikaelewa kwa mwili wangu jinsi mahali pale palivyo padogo. Wakaanza. Mpole. Mwaminifu. Mnyenyekevu. Nilisikia kila neno likipita juu ya kichwa kama linamwendea mtu aliyesimama nyuma yangu.

Ikafika kwa Akoth, ambaye tangu muhula uliopita ni mshauri kama sisi. Hakuwa dirishani. Alikuwa amesimama karibu nami kabisa, ananitazama usoni.

"Mimi napita," akasema.

Wadogo wakashangaa, mmoja akamwambia, "Aii, Akoth, si useme kitu bana!" Kevo akageukia ukuta. Akoth akanyoosha mkono wake, nami nikautoa ufunguo shingoni, ule wenye ukanda wa akala, nikampa.